Shuka la Kufuliwa

Januari 1911, jijini Paris, mchoraji Sonia Delaunay alijifungua mtoto wa kiume aliyeitwa Charles. Mwaka huohuo alimshonea shuka la viraka. Delaunay alizaliwa mwaka 1885 katika sehemu ambayo leo ni Ukraine, akalelewa Saint Petersburg, na alilishona shuka hilo akikumbuka yale ya vipande aliyoyaona kwenye nyumba za wakulima wa huko kwao. Aliunga kitambaa chekundu na cha kijani, cheusi na cha rangi ya maziwa, pembe tatu na pembe nne zisizolingana. Alipomaliza akaona mpangilio ule unafanana na picha ambazo wachoraji wa Paris wa wakati huo walikuwa wakihangaika kuzichora, na yeye na mumewe Robert wakaanza kuutumia katika kazi zao nyingine. Mwaka 1964 akawa mwanamke wa kwanza kufanyiwa maonyesho makubwa ya kazi zake Louvre akiwa bado hai. Shuka la Charles, lenye urefu wa zaidi kidogo ya mita moja, linatunzwa katika makumbusho ya taifa ya sanaa ya kisasa ya Ufaransa.

Mama wa Ilala, jijini Dar es Salaam, akionyeshwa picha ya shuka hilo huenda akazisifu rangi zake. Kisha atauliza swali ambalo vitabu vya sanaa haviligusi: lilikuwa linafuliwaje?

Si swali la utani. Shuka la mtoto hukojolewa, hutapikiwa, humwagiwa uji, huburutwa hadi barazani likarudishwa na mchanga wake. Wengi wanaoshona kwa mara ya kwanza huanza na rangi: ya kike au ya kiume, tembo au nyota, buluu au njano. Wangeanzia mwisho wa safari, kwenye kamba ya kuanikia, wakarudi nyuma hatua kwa hatua, wangejiokolea fedha na machozi. Aina ya kitambaa, ukubwa wa kipande, cha kuwekwa katikati, nafasi kati ya mshono na mshono, yote hayo yana jibu lake kwenye beseni.

Na beseni la Ilala lina masharti yake. Dar es Salaam ni jiji la joto karibu mwaka mzima. Hata kipupwe kikiingia, Juni hadi Agosti, joto la usiku hushuka hadi nyuzi 19 hivi, baridi ya kumfanya mtoto avute shuka, si ya kumfanya ahitaji mfarishi wa Ulaya. Masika, kati ya Machi na Mei, hewa hujaa unyevu, na kitu kinene kikiloa kinaweza kukaa kwenye kamba siku mbili tatu mpaka kikaanza kunuka ukungu. Nyumba za Kiswahili za zamani, zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, zilikuwa na uani wa kuanikia. Kila mwaka nyumba hizo zinapungua Kariakoo na Gerezani, maghorofa yanapanda, na kamba ya familia imebaki ile ya kibarazani, yenye nafasi ya mashuka mawili na taulo. Maji nayo si ya kuchezea. Oktoba 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka, jiji zima liliingia kwenye mgao. Mtu mwenye ndoo mbili za siku hawezi kuloweka mfarishi unaokunywa ndoo nzima peke yake.

Basi vipimo vinajipanga vyenyewe. Sentimita 90 kwa 120, jepesi, tabaka tatu nyembamba. Linaloenea kwenye beseni moja, linaloweza kukamuliwa na mikono miwili, linaloanikwa asubuhi na kuanuliwa kabla ya jua kuzama. Mama aliyekwisha kufua blanketi la mtu mzima kwa mkono hahitaji kuelezwa zaidi.

Malighafi yenyewe iko karibu kuliko anavyodhani. Mtaa wa Uhuru una maduka ya kanga na vitenge vya jumla, majora yamesimama hadi mlangoni na doti zimepangwa hadi darini, na mwenye duka hamuulizi mteja anakwenda kushona nini. Anauliza anataka doti ngapi. Lakini kabla ya kufungua pochi, mzazi apite kwanza kwa mafundi cherehani. Chini ya kila cherehani kuna mfuko au kiroba cha vipande vinavyobaki, na kiroba hicho ni kalenda ya jiji. Januari kimejaa buluu ya bahari, kaki na nyeupe, kwa sababu shule zinafunguliwa. Karibu na Idi kuna vipande vya kanzu na vya madera yanayong'aa. Miezi ya harusi huleta vitenge vya sare, kipande kilekile mara ishirini kwa sababu mashangazi wote walishona kitambaa kimoja. Mwaka wa uchaguzi, kijani na njano.

"Shikamoo fundi. Naomba vile vipande vya chini."

"Marahaba. Chukua, mama, vinakwenda kujaza mito hivyo."

Tatizo ni kwamba si vyote vinafaa, na hapa ndipo mashuka mengi ya mara ya kwanza huharibika kabla hata ya kukatwa. Kitambaa cha sare za shule kwa kawaida ni tetroni au mchanganyiko wenye nyuzi za viwandani. Hakirudi kikifuliwa. Pamba inarudi: mita moja ya pamba isiyowahi kuguswa na maji inaweza kupungua sentimita tatu hadi tano. Ukiunga tetroni na kanga mpya, siku ya kwanza shuka limenyooka kama meza. Baada ya kufuliwa mara moja, kila kipande cha kanga kimevuta, kila cha tetroni kimevimba, na hakuna pasi itakayowapatanisha. Kanga mpya ina dhambi ya ziada, ule ugumu wake wa dukani unaofanya ionekane nzito kuliko ilivyo. Ugumu huo huondoka na maji, na kinachobaki ndicho kitambaa chenyewe. Kwa hiyo kila kitu kifuliwe kabla ya mkasi, kwa maji ya uvuguvugu, kianikwe, kipigwe pasi. Wasiokuwa na subira huruka hatua hii kwa sababu haionekani kama kazi ya kushona.

Namna ya kujua pamba tupu ni ileile wanayoitumia wafanyabiashara wa vitambaa tangu zamani: kuchoma nyuzi chache. Pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu jepesi linalopeperuka. Nyuzi za viwandani huyeyuka, hunuka plastiki, na kuacha kishanga kigumu cheusi. Jaribio hilo lifanyiwe nyumbani, juu ya sinki au sahani. Wenye maduka ya eneo hili wana sababu ya kukodoa macho mtu akiwasha kiberiti kati ya majora: jengo la soko kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021, na soko la mitumba la Karume likateketea Januari 2022, miezi sita tu baadaye.

Kuchuja ni balaa la pili. Wekundu na damu ya mzee ndio watuhumiwa wakubwa, buluu iliyokoza inawafuata. Kitambaa cheupe kilicholowa kikiwekwa juu ya kanga na kupigwa pasi ya moto kitasema ukweli wote kwa nusu dakika. Wapo watakaoshauri chumvi au siki ili kushika rangi. Ushauri huo una mizizi yake, kwa sababu chumvi kweli hutumika kiwandani wakati rangi inaingizwa kwenye uzi, lakini rangi ambayo haikushika huko haitashikishwa na kijiko cha chumvi cha jikoni. Dawa ni kufua kwa maji baridi, tena na tena, mpaka maji yatoke meupe. Kama baada ya hapo bado inachuja, iwe kanga ya kuvaa, isiingie kwenye shuka lenye nyeupe.

Ajabu ni kwamba kitambaa bora kuliko vyote ndicho cha bei ndogo kuliko vyote. Shati la pamba la mitumba kutoka Karume limekwisha kurudi lilikotaka kurudi na limekwisha kuchuja lilichotaka kuchuja. Kanga kuukuu ndiyo bingwa. Akina mama wa pwani walilijua hili muda mrefu: mjamzito huambiwa aandae kanga za kumpokelea mtoto, na zile zilizozeeka ndizo zilizochanwa kuwa winda, kwa sababu ngozi ya mtoto mchanga haielewani na kitambaa kigumu. Nguo alizozidi mtoto mwenyewe zinafaa pia, ila fulana na nguo nyingine za kufuma zinavutika. Zikikatwa huwa zinakunja kingo, na zisipotiwa kitambaa kisichovutika kwa nyuma zitaburuta jirani zake wote. Anayeshona kwa mara ya kwanza azifungie kwenye mfuko zisubiri shuka la pili.

Kabla ya kuikata kanga, inafaa kujua kwamba nayo ilizaliwa kwa kuungwa. Simulizi inayokubalika zaidi ya chanzo chake ni ya wanawake wa pwani wa karne ya 19. Leso za mraba zililetwa kwenye jora moja refu, muuzaji akikata moja moja. Badala ya kununua moja, wanawake walinunua sita kwa pamoja, wakazikata mapande mawili ya leso tatu tatu, wakashona pande hizo ubavu kwa ubavu wakapata nguo moja pana ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaanza kuagiza vitambaa vilivyochapwa tayari kwa ukubwa huo. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887 na ambalo kanga zake zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", ndilo linalosifiwa kwa kuanza kuchapa maneno kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20. Baadaye viwanda vya nyumbani vikaingia, kikiwemo Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968.

Mwanamke wa kwanza aliyeunga leso sita hakuwa akitafuta sanaa. Alitaka nguo pana kwa bei ya leso, na uzi ulikuwa rahisi kuliko kitambaa. Huo ndio moyo wa ushonaji wa viraka popote duniani.

Kanga ya kawaida ina upana wa karibu sentimita 150 na kimo cha 110. Imepangwa: pindo pande zote, mji katikati, jina chini ya mji. Anayeikata miraba ya sentimita 11.5 atapata miraba 13 kwa upana na 9 kwa kimo, yaani 117. Shuka la sentimita 90 kwa 120 lenye miraba ya sentimita 10 linahitaji 108. Hesabu inavutia: kanga moja inatosha shuka zima na chenji inabaki. Lakini anayefanya hivyo atakuwa ameibomoa kanga ili aijenge upya vibaya zaidi. Korosho kubwa iliyochorwa kwenye mji ikikatwa miraba midogo hugeuka mikunjo isiyo na kichwa wala mkia. Na maneno yanakatika. Kanga ya "Nani kama mama" ikikatwa bila uangalifu na kupangwa na mtu mwenye haraka inaweza kurudi ikisema "Mama kama nani", swali ambalo hakuna mama anayetaka kulifunika juu ya mwanawe.

Njia ya busara ni kuiheshimu ramani iliyopo. Kipande kikubwa cha mji kikae katikati ya shuka, jina likikaa zima chini yake, na viraka vya mashati na vitenge vizunguke. Mipasuo michache, mishono michache, na kila mshono usioshonwa ni mshono usiofumuka ukifuliwa. Washonaji wapya hudharau vipande vikubwa, wakidhani udogo wa kiraka ndio kipimo cha ufundi. Kwa shuka la mtoto ni kinyume. Kiraka cha sentimita 10 ni kidogo vya kutosha. Cha 15 ni bora.

Kuhusu usahihi maneno machache yanatosha. Mraba wa sentimita 10 hukatwa 11.5 kwa sababu milimita saba na nusu huingia kwenye mshono kila upande. Mkono ukipotea milimita moja tu kila upande, kiraka kinapungua milimita mbili, na safu ya viraka tisa inapungua karibu sentimita mbili. Safu inayofuata, iliyoshonwa asubuhi mtu akiwa hajachoka, imetoka sawasawa. Zikikutanishwa hazikutani. Fundi mzoefu haangalii kiraka kimoja kimoja. Anapima safu nzima kwa futi kila anapomaliza, na akiona imepungua anafumua palepale. Kipande cha boksi gumu kilichokatwa kwa kipimo, kikatumika kuchorea kila mraba kwa chaki, kinaokoa zaidi ya mkasi wa bei mbaya.

Suala la cha kujazia katikati ndilo lenye mjadala.

Mito na magodoro ya pwani yalijazwa sufi, na mtu anaweza kujaribiwa kuitia kwenye shuka. Sufi ni nyepesi na laini, na inakataa maji kiasi kwamba ilitumika kujazia maboya ya kujiokolea baharini. Ila haishikamani. Ndani ya mto mnene inatulia. Ndani ya shuka jembamba inakimbilia pembeni, na baada ya kufuliwa inakaa mabonge mabonge. Sponji hushika harufu ya mkojo na haikauki haraka. Mablanketi mepesi ya mitumba yanafaa, hasa ya pamba yenye manyoya mafupi. Lakini jibu rahisi kuliko yote ni kitambaa kingine: kanga kuukuu, nzima au iliyounganishwa, ikawekwa katikati ya uso wa viraka na kitambaa cha mgongoni.

Wanaolijua jibu hilo kuliko wengine wako ng'ambo ya bahari. Katika jimbo la Karnataka, kusini-magharibi mwa India, wanaishi Wasidi, watu wenye asili ya Afrika. Wengi wa wazee wao walichukuliwa utumwani kutoka Afrika Mashariki na Wareno kupitia Goa, na baadhi wakatoroka na kufanya makazi katika misitu ya milima ya huko. Leo wapo Wasidi Wahindu, Waislamu na Wakristo, na wanawake wa dini zote tatu hushona mifarishi inayoitwa kawandi. Mtafiti wa Kimarekani Henry Drewal, aliyekuwa profesa wa historia ya sanaa Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliishi nao na kushirikiana nao kuanzisha ushirika wa kuiuza mifarishi hiyo.

Kawandi haina hatua tatu. Kwingineko mtu hushona kwanza uso wa viraka, kisha hupanga tabaka, kisha huzishona pamoja. Mwanamke wa Kisidi hutandika sari kuukuu chini, huanzia kona moja ya pembeni, huweka kiraka, hukunja ukingo wake, na kupiga bandi papo hapo kupitia tabaka zote. Kiraka kinachofuata kinalalia kidogo cha kwanza. Mstari wa bandi unazunguka ukingo wote, unarudi ulipoanzia, unaingia ndani kidogo na kuzunguka tena, mpaka unafika katikati. Hakuna mashine, hakuna fremu, hakuna kuchora kabla. Kama viraka vimetofautiana ukubwa, kinachofuata kinakatwa kuziba nafasi iliyobaki. Mwishoni kila kona hupewa kiraka kidogo kilichokunjwa kuwa pembe tatu, kinachoitwa ua. Wenyewe husema mfarishi usio na maua hayo uko uchi. Wakristo wengine huongeza msalaba, Waislamu wengine mwezi mwandamo.

Kwa chumba kimoja cha Buguruni au ghorofa ya tano ya Kariakoo, njia hii imekaa kama iliyotungwa kwa ajili yake. Haihitaji meza. Haihitaji umeme, na jiji hili limejua mgao wa umeme kama linavyojua mgao wa maji. Inawekwa kando mtoto akilia na kuendelezwa pale sindano ilipochomekwa. Hesabu ile ya milimita karibu haipo, maana viraka vinalaliana. Zaidi ya yote, mistari ya bandi iliyokaribiana huigeuza kawandi kuwa kitu kimoja: tabaka haziwezi kutengana kwenye beseni kwa sababu hakuna nafasi ya kutengana. Kasoro yake ni muda. Mwenye mimba ya miezi minane asiianze.

Mwenye haraka atakwenda kwa fundi, na hapo kuna kugawana kazi kwa akili. Kuunga viraka kwa cherehani ya kukanyaga ni kazi ya mchana mmoja kwa fundi anayelipwa; kwa mzazi asiyezoea ni wiki za kubishana na bobini. Kupanga viraka, kukata, na kupiga bandi ya mwisho kwa mkono kunaweza kubaki nyumbani. Fundi aelezwe mapema kwamba hii si gauni. Atataka kupiga ovaloki kila ukingo kwa mazoea, na nyuzi hizo hujaza ndani ya shuka vijiti vinavyomkwaruza mtoto. Mishono iliyolazwa kwa pasi upande mmoja inatosha. Kama katikati kuna kanga nzima, mistari ya bandi inaweza kuachana sentimita nane au kumi. Kama kuna pamba iliyolegea, isizidi tano. Uzi uwe imara. Uzi wa bei rahisi hukatika kwa kuvutwa kidole kimoja, na utakatika hivyohivyo ukikamuliwa.

Vifungo, shanga, ushanga unaong'aa na riboni ndefu visikaribie. Na jambo moja ambalo mapenzi ya mzazi hulipinga: mtoto chini ya mwaka mmoja asilale amefunikwa nalo. Madaktari wa watoto, wakiwemo wa chama chao cha Marekani, hushauri kitanda cha mtoto mchanga kisiwe na shuka lililolegea, mto wala kitu laini, kwa hofu ya kukosa pumzi na ya joto kuzidi. Dar es Salaam ushauri huo una uzito maradufu. Mwaka wa kwanza shuka la viraka ni tandiko la mchana, juu ya mkeka, mama akiwa karibu. Hapo ndipo mtoto hujifunzia kugeuka na kutambaa, akinyoosha mkono kuelekea kiraka chekundu. Kujifunika kutakuja wakati wake.

Jua la Ilala litazifuta rangi, hilo halina mjadala. Anayejali ataanika shuka likiwa limegeuzwa, kivulini ikiwezekana. Lakini kufifia si hasara tu. Huko Gee's Bend, kijiji cha Weusi kwenye mzingo wa Mto Alabama nchini Marekani, mwaka 1942 Missouri Pettway alifiwa na mumewe. Alichukua nguo za kazi za marehemu, binti yake Arlonzia akimsaidia, akazishona shuka la kujifunika ili amkumbuke. Mashuka ya nguo za kazi ya kijiji hicho yana alama ambazo hakuna kiwanda kinachoweza kuzichapa: buluu iliyopauka kila mahali isipokuwa palipokuwa na mfuko, magoti yaliyolika, mstari mweusi zaidi palipokunjwa pindo. Kuanzia mwaka 2002 mashuka ya Gee's Bend yalionyeshwa katika makumbusho makubwa, Houston kisha Whitney ya New York, na watu waliozoea michoro ya mafuta wakapanga foleni kutazama suruali za mashambani. Mzazi anayekata shati la babu au kanga ya bibi kwa ajili ya shuka la mjukuu asikimbilie sehemu mpya tu. Kola iliyochakaa itupwe, ila kivuli cha mfuko kibaki.

Pa kwanza kulika ni ukingoni. Mtoto hunyonya kona, huburuta upande uleule, na mama hushikia hapohapo akikamua. Kwa hiyo pindo lipigwe mara mbili: kipande cha kitambaa chenye upana wa sentimita tano au sita hukunjwa katikati, hushonwa uso kwa uso, hugeuzwa na kumalizwa kwa mkono kwa nyuma, hivyo ukingo mzima unakuwa na ngozi mbili. Ya kwanza ikitoboka ya pili bado ipo. Likichakaa lote hubanduliwa likashonwa jipya bila kugusa viraka, na ni vyema kuweka akiba ya kitambaa hicho kabatini tangu siku ya kwanza, kwa sababu chapa ya kitenge ikiisha Mtaa wa Uhuru haina ahadi ya kurudi. Kiraka kilichotoboka katikati ya shuka hakifumuliwi. Kingine kinawekwa juu yake na kupigwa bandi, kama Wasidi wafanyavyo tangu mwanzo.

Mtoto akilizidi shuka hilo kimo, kuna mtoto mwingine, au mpwa, au jirani. Na likichoka kabisa bado lina kazi moja. Washonaji wa Marekani walizoea kulifunika shuka lililokwisha kwa viraka vipya na kulishona ndani ya lingine, ndiyo maana wanaorekebisha mashuka ya zamani ya huko mara nyingine hukuta jingine katikati likiwa na rangi zake. Kwa Ilala tabaka hizo zingekuwa nzito. Hapa mgongo ubanduliwe kwanza, kingo zilizolika zikatwe, ibaki sentimita 70 kwa 90 ya uso wa viraka peke yake, ipate kuwekwa katikati ya shuka la mdogo wake.